Mchezo wa Furaha ni Mchezo wa Wote



Kila Noeli inapokaribia, au mwaka wa masomo unapoelekea mwisho, walimu na vijana wa parokia zetu huanza kutayarisha mchezo wa kuigiza. Kazi hiyo ni njema, nasi twaipenda. Lakini mara nyingi tumeona jambo la kusikitisha: mchezo wafanyika, watu wapiga makofi, kumbe wachezaji wenyewe hawana furaha. Mwongozaji amewafokea majuma mengi. Nafasi kubwa amewapa wale wale wa mwaka jana, na waliobaki amewaambia wabebe viti. Mchezo ukiisha, kila mmoja ashukuru kwamba taabu imekwisha. Je, hiyo ndiyo sikukuu?

Leo basi tuzungumze juu ya kazi ya mwongozaji wa mchezo, tukiwafikiria hasa watoto wa mahali kama Bunagana. Mji huo, katika wilaya ya Rutshuru, watazamana na Kisoro ya Uganda. Watu wa lugha mbalimbali hukutana hapo mpakani. Vita navyo vimeufikia zaidi ya mara moja: mwezi wa Julai 2012, na tena tarehe 13 Juni 2022, kundi la M23 liliutwaa, na watu wengi wakavuka mpaka kukimbilia Uganda. Mtoto aliyepita katika hayo amejifunza mapema kuiogopa sauti ya mwenye kuamuru. Mwongozaji naye akimjia kwa makelele na fimbo, atamfundisha nini asichokijua?

Barabara ya Bunagana huungana huko Uganda na ile njia kuu itokayo Mombasa. Tuifuate kwa mawazo, tuone wenzetu wamefanya nini.

Tukifika Kampala, twakuta Chuo Kikuu cha Makerere. Tangu mwaka 1965 wanafunzi wake walitoka na mchezo wa kusafiri, wakaigiza mijini na vijijini kwa lugha mbalimbali, wala hawakuwatoza watu kiingilio. Mwaka 1987, Uganda ilipokuwa imetoka katika vita vikali, mwalimu wao Rose Mbowa alitengeneza mchezo juu ya Mama Uganda na watoto wake. Ndani yake alikusanya nyimbo na ngoma za sehemu nyingi za nchi. Tufikiri kidogo maana ya jambo hilo. Kijana wa kaskazini na kijana wa kusini, ambao wazee wao walikuwa wakitazamana kwa hofu, ilibidi wafundishane hatua za ngoma. Aliyekuwa mgeni akawa mwalimu, kisha naye akawa mwanafunzi. Huwezi kumdharau kwa urahisi mtu aliyekufundisha kucheza ngoma ya kwao.

Tuendelee na safari mpaka Limuru, nchini Kenya. Hapo kuna kijiji kiitwacho Kamiriithu. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika mchezo kwa Kikuyu, na Kimani Gecau akauongoza. Wachezaji walikuwa wakulima na wafanya kazi, na baadhi yao waliajiriwa katika kiwanda cha viatu cha Bata. Mazoezi hayakufichwa nyuma ya mlango. Yalifanyika hadharani, na kila apitaye aliweza kusimama, kutazama, na kusema. Wazee walisahihisha jinsi vijana wanavyopaswa kusema na wakubwa wao. Wafanya kazi walieleza mambo ya kiwandani kama wanavyoyajua wenyewe. Mama mmoja asiyejua kusoma aliwapa waandishi, neno kwa neno, nyimbo za kale za arusi. Wanakijiji wakajenga kwa mikono yao jukwaa la wazi, penye nafasi ya watazamaji zaidi ya 2,000.

Mchezo ulifunguliwa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walikuja kwa wingi, kwa maana ulikuwa wao. Serikali haikupendezwa na yaliyosemwa humo, ikauondolea ruhusa tarehe 16 Novemba. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Lakini njia ile ya kufanya kazi haikubomoka, kwani wengi waliichukua wakaitumia mahali pengine.

Wala msomaji asidhani kwamba hayo ni ya nchi za nje tu. Lubumbashi, katika Kongo yetu, kundi la Mufwankolo liliigiza kwa Kiswahili chao wenyewe bila kwanza kuandika maneno. Walikaa pamoja, wakajadiliana kisa, wakagawana nafasi, na kila mchezaji akayatoa maneno yake kinywani mwake. Mwaka 1986 walitunga hivyo mchezo juu ya msemo usemao kwamba utawala huliwa mzima, yaani haumegwi. Ajabu ni hii: msemo wakataa kugawana, na mchezo juu yake ukazaliwa kwa kugawana!

Pengine mwalimu mmoja atatuuliza: “Kila mtu akisema, nani ataongoza?” Swali ni la haki. Hatusemi kwamba mwongozaji akae kimya. Saa ya mazoezi lazima ishikwe. Asiyejua sehemu yake lazima aijifunze. Na baada ya kusikiliza wote, mmoja lazima akate shauri. Mazoezi yasiyo na utaratibu huwachosha watu kama yale ya fimbo. Lakini kuna tofauti kati ya kukata shauri baada ya kusikia na kukata shauri kabla ya kusikia. Wachezaji huijua tofauti hiyo mara moja.

Basi, ninyi mtakaotayarisha mchezo mwaka huu, fanyeni hivi. Siku ya kwanza msigawe nafasi; kaeni duara, simulieni kisa, mwulize kila mmoja angefanya nini katika jambo lile. Wapeni waoga nafasi ndogo ya kweli, si ya kusimama tu kama mti. Mshona nguo, mpiga ngoma na mwangalizi wa taa, waiteni mbele pamoja na wengine watu wanaposhangilia. Kosa la mtu lisahihisheni pembeni. Jema lake lisifuni mbele ya wote. Na mtoto aliyerudi kutoka ukimbizini, mwombeni awafundishe wimbo aliojifunza huko. Asipotaka kuigiza mambo ya vita, asilazimishwe.

Wazazi nanyi, msiseme kwamba mazoezi ni kupoteza wakati. Mtoto anayengoja zamu yake ya kusema, anayemwinua mwenzake aliyesahau maneno, anayemvika taji yule aliyegombana naye jana, ajizoeza jambo kubwa kuliko mchezo. Ajizoeza kukaa na jirani.

Wahenga walisema: Kidole kimoja hakivunji chawa. Kama ni hivyo kwa chawa, je, kwa hofu iliyokaa mioyoni mwa watoto wetu miaka mingi?