Tumbo na Wakazi Wake: Nani Alaumiwe kwa Unene?

Katika kituo cha magari cha Kanduyi, Bungoma, mtu mnene hukabiliwa na hukumu mbili. Wapo wanaomwita tajiri kwa sababu ya kitambi chake. Wapo pia wanaomteta kuwa ni mlafi. Hukumu zote mbili zina kasoro moja: zinamtazama mlaji peke yake na kuwasahau wanaokula naye.

Waama, utumbo mpana wa binadamu ni makao ya matrilioni ya bakteria. Hao huvunjavunja nyuzinyuzi za chakula ambazo mwili wenyewe hauziwezi, kisha mwili ukapata sehemu ya nguvu zitokanazo nazo. Mwaka wa 2006, kundi la Jeffrey Gordon katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, lilichukua bakteria wa panya wanene na kuwapa panya waliolelewa bila vijidudu vyovyote. Panya hao waliongeza mafuta mwilini kuliko wenzao waliopewa bakteria wa panya wembamba, ilhali ulaji wao haukutofautiana kwa kiasi cha kutajika. Kwa binadamu, ushahidi haujawa thabiti kiasi hicho. Hata hivyo, unatosha kuwanyamazisha walio wepesi wa kumcheka mnene.

Kusema hivi si kumwondolea mtu wajibu, kwani bakteria hula akilacho mwenyeji wao. Mwaka wa 2014, watafiti waliwalinganisha Wahadza wa eneo la Ziwa Eyasi, Tanzania, na Waitaliano wa Bologna. Wahadza, walao mizizi, matunda na asali ya porini, walikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi. Hapo ndipo Kanduyi inapopaswa kujitazama. Ugali wa wimbi, saga, kunde na maharagwe vina nyuzinyuzi tele. Unga mweupe uliokobolewa una chache, na soda haina kabisa. Anayevidharau vya kwanza na kuvikimbilia vya pili huwanyima chakula wakazi wa tumbo lake.

Lugha nayo ina deni. Wahenga walionya kuwa kikulacho ki nguoni mwako, na aghalabu 'kijidudu' hutajwa kama adui tu. Wataalamu wa Kiswahili hawana budi kuufunza umma kwamba tumboni kimo pia kikulishacho. Hadi hapo, 'mlafi' litabaki neno la kumwumiza mtu bila kumponya.