Fitina haianzi na mawe

Neno fitina tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake ulihusu kuyeyusha dhahabu motoni ili takataka zijitenge. Kutoka hapo likawa jaribu, kisha mfarakano. Vita vya Waislamu vilivyofuata kuuawa kwa Khalifa Uthman mwaka 656 huitwa Fitna. Kwetu limeshuka hadi kwenye mnong'ono: mfitini hashiki rungu, hupeleka maneno huku na kule. Wapo watakaosema Kiswahili kimelipunguza neno zito likawa umbeya. Sikubali. Umbeya hutaka msikilizaji tu. Fitina hutaka wawili wagombane, ndiyo maana tuna kitenzi kufitinisha. Magazeti huandika "vurugu zilizuka", kana kwamba ni upepo. Neno hili, walau, humtafuta aliyeuwasha moto.