Spika Haina Vidole

Kila warabeuta zinapotajwa kwenye semina zetu, lazima mtu aseme kwamba zinakuza hisia za mtoto. Warabeuta ni nyimbo za jadi za watoto wa Japani. Mimi nasomea uzamili wa malezi ya awali, na nimechoka kuzisikia zikisifiwa kama dawa ya matone: mpe kichanga matatu kutwa, moyo wake utakomaa.

Chukua Ipponbashi, wimbo wa daraja la gogo moja. Mlezi hushika kiganja cha mtoto, hupitisha kidole, hupiga kofi jepesi, hufinya kidogo, kisha vidole vyake hupanda mkono kama ngazi hadi kwapani, na hapo ndipo humtekenya. Lakini utamu wote uko kabla ya kutekenywa. Mlezi anasita, anamtazama mtoto usoni. Mtoto anazuia pumzi, maana anajua kinachokuja. Akigeuza uso, mlezi anaacha. Mtoto anajifunza kungoja bila kuogopa, na anajifunza kwamba uso wake unasikilizwa. Sasa spika itasita vipi? Itajuaje kwamba huyu leo hataki?

Najua nitaletewa utafiti wa Corbeil, Trehub na Peretz, ambao wachanga walikaa watulivu muda mrefu zaidi kwa wimbo uliorekodiwa, tena wa lugha ngeni kwao, kuliko kwa maneno ya kusemwa. Sawa, walitulia. Ila utulivu wa mtoto humnufaisha kwanza mtu mzima aliye karibu, na huko si kukua kihisia.

Na tukiitaja jadi, tuitaje yote. Wimbo mashuhuri wa kubembeleza wa kijiji cha Itsuki, Kumamoto, uliimbwa na wasichana wa kimaskini waliopelekwa kulea watoto wa wenye nacho. Wenyewe walikuwa bado watoto. Kichanga mgongoni, huzuni kifuani, wakaimba ya kwao. Nani aliuliza habari za ukuaji wao wa kihisia?

Leo viwango vya Japani vinataka, kwa uchache, mlezi mmoja kwa kila wachanga watatu wasiotimiza mwaka. Wimbo wa kiganja unataka mikono miwili na mtoto mmoja. Wa pili analia, wa tatu amejisaidia. Kwa hiyo anayetaka warabeuta vituoni asiniletee orodha ya nyimbo. Aniambie nani atambeba yule wa pili, na kwa mshahara gani.