Hofu ya malengelenge: Usikimbilie kipimo, saa zinahesabika

Chukulia uko Chanika, hii ya Handeni na si ile ya Ilala. Jumamosi saa 4 usiku umelala na mtu usiyemfahamu vizuri na kondomu haikutumika, au ilipasuka. Jumapili ukaingia kwenye simu, ukasoma habari za hepesi, yaani malengelenge ya sehemu za siri, na usingizi ukakata. Leo Jumatatu unatafuta nauli ya Korogwe, Tanga au hata Dar es Salaam ili ukapime damu.

Ahirisha kipimo hicho. Hofu yako ina msingi, lakini kipimo cha hepesi siku hiyo hakiwezi kukujibu, na wakati unakihangaikia kuna jambo jingine linakupita.

Kipimo cha damu hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, ambazo mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza, kwa wengine hadi miezi mitatu au zaidi kidogo. Ukipima siku ya pili au ya tatu, majibu yanahusu maisha yako ya nyuma. Yakiwa hasi utafurahi bure. Yakiwa chanya utamgombeza mtu wa Jumamosi kwa kitu ambacho huenda unacho tangu utotoni, kwa sababu aina ya kwanza ya hepesi, ile inayotoa vidonda mdomoni, wengi huipata wakiwa wadogo kwa mate na mabusu ya ndugu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wana aina hiyo. Kwa hepesi ya sehemu za siri, makadirio yaliyotolewa Desemba 2024 ni watu milioni 846 wa miaka 15 hadi 49, zaidi ya mmoja kati ya watano, na wengi wao hawaoni dalili yoyote.

Vipimo hivi pia hukosea. Hata Marekani, ambako maabara ni nyingi, mamlaka ya kudhibiti magonjwa (CDC) haishauri kumpima damu kila mtu asiye na dalili, na inakataza kutegemea kile kipimo cha IgM. Ukiuziwa hicho kwa bei kubwa, umenunua wasiwasi.

Sasa hesabu saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio, ambazo wengi huziita PEP, huanzwa ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Humezwa siku 28. Kwa tukio la Jumamosi saa 4 usiku, mlango unafungwa Jumanne saa 4 usiku. Mwanamke asiyetaka mimba naye ana siku tano tu za kutumia vidonge vya dharura, na kuwahi ndiko kunakosaidia. Kwa hepesi hakuna dawa ya namna hiyo, wala chanjo.

Kwa nini basi mtu aache hospitali iliyo karibu, akafuate maabara ya mbali? Nadhani ni aibu. Mji mdogo watu wanajuana, na muuguzi wa dirishani anaweza kuwa rafiki wa shangazi yako. Hapo lawama si ya mgonjwa peke yake, maana sisi wa afya bado tunauliza maswali ya faragha kwa sauti ya sokoni. Kama huwezi kuonekana Handeni, basi itumie ile nauli: Korogwe ni kilomita kama 65 za lami. Lakini ukifika ulizia kliniki ya CTC na useme unataka PEP. Mengine, kama kaswende na kisonono, mtayazungumza humo humo.

Wapo wanaokimbilia duka la dawa kununua asaikloviri, dawa ya hepesi, wakidhani inakinga kila kitu. Mantiki yao inaeleweka: mwenye hepesi ya aina ya pili huambukizwa VVU kwa urahisi zaidi, karibu mara tatu. Ila jambo hilo lilijaribiwa hapa hapa nchini. Wanawake zaidi ya 800 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, wengi wakifanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni, walipewa asaikloviri kila siku au kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: dawa haikupunguza maambukizi ya VVU.

Asaikloviri ina kazi yake pale kidonda kinapotokea. Dalili huja kwa kawaida kati ya siku 2 na 12: malengelenge madogo yanayopasuka na kuuma, mkojo unaochoma, homa, pengine mitoki kinenani. Nenda siku hiyo hiyo, kidonda kikiwa kibichi, kwani hapo daktari huona mwenyewe, na penye maabara huchukua majimaji ya kidonda chenyewe. Usikasirike akikutibu bila kukupima. Mwongozo wetu unaruhusu kutibu kwa dalili, hepesi pamoja na kaswende. (Mkanda wa jeshi ni kirusi kingine, hauletwi na ngono.)

Mzazi, kijana wako wa miaka 15 anaruhusiwa kupima VVU bila idhini yako tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019. Akikueleza kilichotokea, muulize ilikuwa saa ngapi kabla hujamuuliza ilikuwa na nani.

Na kama una mimba, mweleze mkunga hata kama kidonda kimekwisha kupona. Hepesi inayoingia mara ya kwanza katika miezi ya mwisho ndiyo ya hatari zaidi kwa mtoto. Wakijua mapema wanaweza kukupa dawa, na kidonda kikiwapo uchungu unapoanza, mtoto atolewe kwa upasuaji.