Starlet yenye turbo, freni za zamani

Moteri ya Toyota Starlet ikichoka, wengine Likasi wanaota ile ya turbo, 4E-FTE. Ni cc 1331 tu, lakini inatoa nguvu za farasi 135. Inaingia vizuri, maana ni ndugu ya 4E-FE ya kawaida. Hapo ndipo mtu anajidanganya. Mwendo ukipanda toka kilometa 60 kwa saa mpaka 120, freni zinabeba kazi mara nne, si mara mbili. Na barabara ya taifa nambari 1 kwenda Lubumbashi imejaa makamyo ya migodi. Njia ya vumbi ya Shinkolobwe, yenyewe, inadai nguvu ya mwendo wa polepole, na turbo inachelewa kuitoa. Fundi akitaja bei ya moteri peke yake, aulizwe kwanza: freni je?