Mizani pekee haitoshi kupima siha ya mtu

KATIKA miji mingi ya Kenya, Kitengela ikiwemo, si ajabu kumpata kijana kando ya barabara akiwa na mizani, tayari kukupima uzani na kimo kwa malipo madogo. Mteja hukabidhiwa nambari moja, akaondoka akifurahi au akisononeka.

Nambari hiyo, maarufu kama BMI, hupatikana kwa kuzidisha kimo cha mtu katika mita kwa kimo hicho hicho, kisha kugawanya uzani wake wa kilo kwa jibu hilo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mtu mzima aliye chini ya 18.5 amekonda mno, 18.5 hadi 24.9 yu sawa. 25 hadi 29.9 uzani umezidi. Na kuanzia 30 ana unene wa kupindukia.

Wengi hawafahamu kwamba aliyebuni hesabu hii hakuwa daktari. Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji, aliitunga katika miaka ya 1830 akisaka wastani wa binadamu, wala si kumtibu mgonjwa mmoja mmoja. Jina inalotumia leo ilipewa mwaka wa 1972 na mtafiti wa Marekani, Ancel Keys.

Kaunti ya Kajiado yadhihirisha bayana manufaa na udhaifu wa kipimo hiki. Tuchukue mfano wa mama mfanyabiashara wa Kitengela mwenye kilo 80 na kimo cha mita 1.60. BMI yake ni 31.25. Mchungaji wa nyanda za Kajiado mwenye kilo 62 na kimo cha mita 1.85 atapata 18.1. Kwa mizani, wote wawili wana kasoro.

Mama huyo asipuuze onyo hilo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 33 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi au unene wa kupindukia, kutoka asilimia 25 mwaka wa 2008-09. Unene huo huandamana na kisukari na shinikizo la damu. Anayedhani kwamba kitambi ni ithibati ya ukwasi anajihadaa.

Mambo ni tofauti kwa mchungaji. Watu wenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, walivyo wafugaji wengi wa Afrika Mashariki, huwa na BMI ya chini hata wakiwa na siha njema. Hata hivyo, ni hatari vilevile kudhani kila mfugaji mwembamba yu salama. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, zaidi ya mifugo milioni 2.6 walikufa nchini, na maziwa yakaadimika katika maboma mengi. Wembamba wa maumbile na wembamba wa njaa huweza kutoa nambari ile ile. Anayeweza kuutofautisha ni mhudumu anayeuliza: je, miezi michache iliyopita ulikuwa na kilo ngapi?

Isitoshe, BMI haibainishi misuli na mafuta. Kibarua wa mjengo mwenye kilo 78 na kimo cha mita 1.70 hupata takriban 27, ilhali huenda uzani huo ni wa misuli. Mafuta yaliyo hatari zaidi ni ya tumboni, na utepe wa fundi cherehani watosha kuyakisia: kiuno kisifike nusu ya kimo. Kwa mama wetu, kiwe chini ya sentimita 80. Si ajabu kwamba Januari 2025 jopo la wataalamu wa kimataifa lilishauri unene usiamuliwe kwa BMI pekee.

Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii, wakapewa mikoba yenye mizani na vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari. Kaunti ya Kajiado haina budi kuhakikisha vifaa hivyo vinafanya kazi Kitengela na vilevile katika maboma ya mbali, na kwamba mizani haitumiki peke yake. Nambari ya BMI iwe mwanzo wa maswali, isiwe hukumu.