Umepata nafasi vyuo viwili vya skripti Marekani? Angalia deni kabla ya jina

Umefungua barua pepe, habari njema mbili. Chuo cha Los Angeles kimekukubali kusoma shahada ya uzamili ya uandishi wa skripti za filamu. Cha Texas nacho kimesema ndiyo. Cha kwanza kila mtu anakijua. Cha pili ukikitaja nyumbani wanauliza, "Ndiyo wapi huko?"

Zamani wengi wangekimbilia jina. Sasa hesabu zimebadilika.

Nini kimebadilika?

Julai 4, 2025, Rais Donald Trump alisaini sheria inayofuta mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Mkopo huo ulimruhusu mwanafunzi wa uzamili kukopa hadi gharama zote: ada, chumba na chakula.

Kwa kozi kama hizi, kikomo kipya ni dola 20,500 kwa mwaka na dola 100,000 kwa jumla. Ada ya mwaka mmoja pale USC au NYU inazidi mara mbili ya hiyo 20,500. Pengo linabaki kwa familia, wafadhili au benki binafsi.

Kwa Mtanzania au Mkenya hili si geni. Mikopo ya serikali ya Marekani haikuwahi kuwa ya mwanafunzi wa viza. Benki binafsi nyingi zinataka mdhamini anayeishi kule, na kabla ya viza lazima uonyeshe pesa za angalau mwaka wa kwanza. Kilichobadilika ni kwamba sasa Wamarekani wenyewe watapanga foleni ileile ya ufadhili.

Los Angeles inakupa watu

Jina kubwa si bure. AFI, kozi ya miaka miwili, inamkalisha mwandishi pamoja na waongozaji, watayarishaji, wapiga picha na wahariri wanaosoma hapohapo. Skripti yako inakuwa filamu fupi, na unasikia mwenyewe sentensi gani inamshinda mwigizaji. USC na UCLA nazo ziko jiji moja na studio kubwa.

Mkenya Wanuri Kahiu alisoma UCLA, ingawa yeye alisomea uongozaji. Mwaka 2018 filamu yake *Rafiki* ikawa ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa Cannes.

Texas inakupa muda

Michener Center, ndani ya Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, ni miaka mitatu. Ada inalipwa na posho unapewa. Unasoma fani mbili, mfano skripti na tamthilia.

Kasoro? Nafasi ni chache mno, na Hollywood iko mbali.

Kazi je?

Hollywood haiulizi cheti, inauliza skripti. Na soko limebana. Mwaka 2023 waandishi waligoma siku 148, na moja ya malalamiko yao ilikuwa timu za waandishi wa tamthilia za TV kuzidi kuwa ndogo.

Mwanafunzi wa kigeni ana mtihani mwingine. Kwa fani hii, akimaliza anaruhusiwa kufanya kazi miezi 12 tu kwa viza yake ya masomo. Skripti inaweza kuzunguka miaka bila mnunuzi. Deni halisubiri.

Uamuzi

Kama chuo chenye jina kinakulipia sehemu kubwa, nenda, watu utakaokutana nao ni mtaji. Kama ni lazima ukope ili uingie, chagua kinacholipa, hata kama shangazi hajawahi kukisikia. Mwandishi asiye na deni anaweza kukataa kazi mbovu na kuandika miaka miwili zaidi. Mwenye deni hawezi.

Kabla ya kusaini, uliza haya:

- Ufadhili ni wa miaka yote au mwaka wa kwanza tu?
- Skripti nikiandika hapo, haki zake ni za nani?
- Wahitimu wa miaka mitano iliyopita wanafanya nini leo?

Chuo kikijibu kwa kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Na kama vyote viwili havilipi? Kubaki nyumbani mwaka mmoja, ukamaliza skripti nzuri na kuomba tena, si kushindwa.